Ibn Battuta na Mnara wa Alexandria

Muhula uliopita tuliombwa sisi wa Kidato cha Nne tuandike maisha ya watu mashuhuri wa zamani. Wenzangu wengi wamechagua mashujaa wa vita. Mimi nimemchagua msafiri, Ibn Battuta, kwanza kwa kuwa alifika kwetu Kilwa, na pili kwa sababu nyingine itakayoonekana mbele.

Ibn Battuta alizaliwa mwaka wa 1304 katika mji wa Tangier, bandari iliyo kaskazini ya Moroko. Watu wa ukoo wake walikuwa makadhi, naye akasomeshwa sheria kama wao. Mwezi wa Juni mwaka wa 1325, akiwa na umri wa miaka 21, aliwaaga baba yake na mama yake akashika njia ya Makka kwenda kuhiji. Aliondoka peke yake, bila mwenzi wala msafara, na kuachana na wazazi kulimtia huzuni kubwa. Hakuiona tena nchi yake ila baada ya miaka 24.

Njiani alishikwa na homa kali. Akashauriwa apumzike hata apone, lakini alikataa, akajifunga kwa kitambaa cha kilemba juu ya tandiko asije akaanguka. Hivyo ndivyo alivyofika Tunis. Watu wa mji walitoka kuwapokea wageni, huyu akimsalimu ndugu yake na huyu rafiki yake, wala hapana aliyemsalimu yeye kwa kuwa hapana aliyemjua. Basi kijana yule akalia machozi mbele za watu. Msafiri mmoja wa Hija akamwona, akamwendea, akamsalimu na kumliwaza mpaka akaingia mjini.

Nilipoisoma habari hii nilicheka, kisha nikaacha kucheka. Siku yangu ya kwanza hapa shuleni nalishuka katika basi jioni, nikaketi juu ya sanduku langu la bati mbele ya bweni, na wavulana wakipita wakiitana kwa majina. Mpishi mmoja mzee ndiye aliyesimama akaniuliza kama nimekula.

Kutoka Tunis mambo yalimwendea vizuri zaidi. Msafara wa mahujaji ulimfanya kadhi wao, na njiani alioa, akagombana na mkwewe, akaacha mke, akaoa mwingine. (Ndoa za Ibn Battuta ni nyingi, na kurasa za gazeti letu ni chache.) Mwezi wa Aprili mwaka wa 1326 akaingia Alexandria.

Mji huo, ambao Waarabu huuita Iskandaria, ulikuwa mlango wa Misri. Pilipili manga na viungo vingine vya Bara Hindi vilipita Bahari ya Sham, vikafika Mto Nile, vikateremshwa mpaka Alexandria, na huko wafanya biashara wa Venice na Genoa wakaja na merikebu zao kuvinunua. Ibn Battuta hakuwa ameona bado bandari kubwa za dunia, lakini hata baada ya kuzunguka kote aliihesabu Alexandria pamoja na bandari nne tu nyingine: mbili za Bara Hindi, moja ya Bahari Nyeusi na moja ya China. Mji ulikuwa na malango manne, na moja lilifunguliwa siku ya Ijumaa tu, watu wapate kutoka kwenda kuzuru makaburi. Aliitazama pia nguzo kubwa ya jiwe iliyosimama kati ya mitende, akasimuliwa habari ya mpiga mishale mmoja aliyepanda mpaka juu yake kwa kamba, watu wakajaa chini wakishangaa.

Lakini zaidi ya yote aliuendea mnara. Mnara huo ulijengwa zaidi ya miaka 1,500 kabla yake, uwaongoze mabaharia usiku, nao ulihesabiwa katika maajabu saba ya dunia ya kale. Mwaka wa 1303, miezi michache kabla ya kuzaliwa kwake, tetemeko kubwa la ardhi liliutikisa. Alikuta upande mmoja umebomoka, ila jengo lingali refu sana. Mlango wake ulikuwa juu, mbali na ardhi. Mkabala wake palikuwa na jengo jingine lenye kimo sawa na mlango ule, na mbao zililazwa katikati kama daraja. Ukiondoa mbao, hapana njia ya kuingia. Yeye alivuka, akaona pahali pa kukaa mlinzi na vyumba vingi ndani.

Katika mji huo alikaa siku tatu na shekhe mmoja mcha Mungu, Burhan al-Din, aliyekuwa kiguru. Shekhe alimwambia kwamba anamwona ni mpenda safari, akamwagiza awasalimie ndugu zake watatu: mmoja yuko Bara Hindi, mmoja Sindi, na mmoja China. Ibn Battuta alistaajabu, maana yeye alikuwa akienda Makka tu. Lakini tangu siku ile neno hilo halikumtoka moyoni, na mwishowe salamu zote tatu zilifika.

Safari zenyewe nitazipita upesi, kwa sababu zimo katika vitabu vya historia. Alihiji, akaenda Iraki, Uajemi na Yemen. Mwaka wa 1331 alishuka pwani yetu, akalala usiku mmoja Mombasa, kisha akafika Kilwa, akausifu ukarimu wa Sultani Hasan. Alisema majengo ya Kilwa ni ya miti, nasi tuliokulia huko tunayaona magofu ya mawe ya Sultani huyo huyo mpaka leo. Nadhani hapo kumbukumbu yake ilimpotosha. Kisha alikuwa kadhi huko Delhi, na kadhi tena katika visiwa vya Maldives, akafika China.

Mwaka wa 1348 alikuwa akirudi. Huko Damascus alimwulizia mwanawe, aliyezaliwa na mke aliyemwacha hapo zamani akiwa mja mzito. Aliambiwa kwamba mtoto alikufa miaka 12 iliyopita. Akamkuta mtu wa Tangier, akamwuliza habari za nyumbani. Akajibiwa kwamba baba yake amekufa miaka 15 sasa, na mama yake yu hai.

Akateremka tena Alexandria. Mwaka ule tauni kuu ilikuwa ikiua watu katika nchi zote za bahari ile, na katika mji ule wa soko na kelele alisikia kwamba waliokufa walifikia 1,080 kwa siku moja. Akaenda kuhiji tena, na mwaka wa 1349, akiwa njiani kwenda kwao, aliuendea mnara mara ya pili. Akauona umeharibika hata haiwezekani kuingia wala kuufikia mlango.

Alikuwa karibu kufika kwao alipopata habari kwamba tauni imemchukua na mama yake. Alikwenda Tangier kulizuru kaburi lake.

Babu yangu, baharia wa jahazi, alifariki nikiwa Kidato cha Pili, katikati ya mitihani. Wazee walionelea nisiambiwe mpaka shule ifungwe. Nilipopelekwa kaburini mchanga ulikuwa umeshikana, na majani yameota. Sikuwakasirikia wazee, lakini mtihani ule nilioufaulu sijapata kuufurahia.

Ibn Battuta hakukaa kitako hata baada ya hayo. Alivuka kwenda Uhispania, kisha akakata jangwa la Sahara mpaka Mali. Mwaka wa 1355, kwa amri ya Sultani wa Moroko, kitabu cha safari zake kilimalizika. Yeye alisimulia, na mwandishi Ibn Juzayy aliandika. Baadaye alikuwa kadhi katika nchi yake mpaka alipofariki, mwaka wa 1368 au 1369.

Mnara haukujengwa tena. Katika karne ya 15 Sultani Qaitbay wa Misri alijenga ngome pahali pale pale, na baadhi ya mawe ya mnara yakatiwa katika kuta zake. Ngome hiyo ingali imesimama, na mawe mengine yamo baharini chini yake.