Jeanne Jugan, mama aliyetoa kitanda chake

Jumapili iliyopita tulisoma Isaya 58, pale Mungu anapotuonyesha kwamba mfungo anaoupenda ni pamoja na kumkaribisha nyumbani asiye na pa kulala. Baada ya ibada mshirika mmoja aliniuliza kanisa litaanzia wapi na wazee wetu, na bado tunalipa deni la mabati. Nilimjibu haraka kwamba tungoje bajeti. Tangu siku hiyo maisha ya mama mmoja yamekuwa yakinisumbua, na leo wacha tuyapitie pamoja.

Aliitwa Jeanne Jugan. Alizaliwa tarehe 25 Oktoba 1792 huko Cancale, mji wa wavuvi kule Ufaransa. Alipokuwa mtoto mdogo, babake alienda baharini kuvua na hakurudi tena. Mamake akabaki kulea watoto peke yake. Akiwa na miaka kama 16, Jeanne aliandikwa kazi ya jikoni kwa tajiri. Baharia mmoja akaomba kumuoa, akakataa, maanake alihisi Mungu anamwekea kazi nyingine.

Kazi hiyo ilikawia sana. Alihudumia wagonjwa hospitalini mji wa Saint-Servan mpaka akaishiwa nguvu. Kisha miaka 12 akawa mtumishi wa mama mmoja mcha Mungu, hadi huyo mama akafariki mwaka wa 1835. Baadaye akapanga vyumba vichache na mwenzake, akiishi kwa vibarua. Alikuwa anakaribia miaka 50. Hakuwa na shamba, mume wala cheo.

Majira ya baridi ya mwaka wa 1839 akakutana na Anne Chauvin, shosho kipofu aliyepooza upande mmoja, asiye na wa kumtunza. Jeanne alimbeba, akampandisha ngazi, akamlaza kwa kitanda chake mwenyewe. Yeye akaenda kulala darini. Mwanzo ulikuwa huo tu. Hakukuwa na kamati, harambee, wala jiwe la msingi.

Akaja wa pili, na wengine. Mwaka wa 1841 yeye na wenzake walipanga nyumba kubwa, wakaingia wazee 12. Mwaka uliofuata wakapata jengo lililokuwa la watawa zamani, na kufikia mwisho wa 1843 wazee walikuwa kama 40.

Mimi nilisomea biashara. Jeanne angeniletea mpango huo ofisini, ningemrudisha. Mtaji hakuna, mapato hakuna, na wateja hawalipi! Lakini angalia alichofanya. Wengi wa wale wazee walikuwa wakizunguka kwa milango ya watu wakiomba. Jeanne akawauliza ni nyumba gani walizokuwa wakipitia, akachukua kikapu, akaanza kuzipitia yeye badala yao. Akapokea pesa, mkate, kuni, nguo kuukuu. Aibu ya kuomba ikawatoka wao, akaibeba yeye. Na pale nyumbani hawakuketi tu kungoja kufa. Aliyeweza kusokota sufu alisokota, mgonjwa akauguzwa. Wapendwa, paa peke yake halitoshi. Mzee anahitaji pia mtu wa kujua asubuhi kama ameamka.

Sasa sikia sehemu ngumu. Desemba 1843 wenzake walimchagua tena awe kiongozi. Siku chache baadaye kasisi aliyewasimamia, Le Pailleur, alifuta uchaguzi huo na kuweka dada mwingine, kijana kuliko yeye. Jeanne akarudi kwa kikapu chake. Mwaka wa 1845 Akademia ya Ufaransa ikamtuza faranga 3,000 kwa kazi hiyo, lakini cheo hakurudishiwa. Mwaka wa 1852 akaitwa aache hata kuzunguka na kikapu. Kwa miaka 27 aliishi kimya makao makuu kati ya wasichana waliokuja kujifunza utawa, wengi wasijue kwamba ndiye aliyeanzisha kazi. Kasisi alisema mwanzilishi ni yeye mwenyewe. Jeanne alifariki tarehe 29 Agosti 1879, akiwa na miaka 86. Wakati huo watawa wa shirika lake walikuwa 2,400, na nyumba za wazee 177. Kasisi aliondolewa mwaka wa 1890, na ukweli ukajulikana.

Najua wengine wataniuliza mbona pastor wa Kipentekoste anasimulia habari za Mkatoliki. Kuna mafundisho hatukubaliani, ni kweli. Lakini Bwana Yesu alipotaka kuwafundisha Wayahudi juu ya jirani, alitumia Msamaria. Na matunda ya huyu mama hayako mbali. Kule Kasarani, Nairobi, masista wa shirika lake wanaendesha Nyumba ya Wazee, na wazee wasio na mtu wanatunzwa humo.

Hapa Kabazi tunawajua wazee waliolimia wengine maisha yao yote, na nguvu zilipoisha wakabaki bila shamba na bila nyumba. Aliyefikisha miaka 70 na kuandikishwa Inua Jamii anapata shilingi 2,000 kwa mwezi. Hiyo elfu mbili ilipe kodi, inunue unga na dawa?

Kwa hivyo, mshirika uliyeniuliza, nisamehe. Nilikujibu kama mhasibu. Tutaanzia kwa kitanda kimoja. Wiki hii kila ushirika wa nyumbani ujue wazee walio karibu wasio na mahali pazuri pa kulala, na nani kati yetu ana chumba kisicho na mtu. Mniletee majina Jumapili. Wa kupika, wa kufua na wa kupeleka mzee kliniki pia wajitolee. Someni Zaburi 71 nyumbani, ombi la mtu anayeogopa kutupwa uzeeni, mkijiuliza ni nani hapa kijijini anayeomba hivyo usiku.

Mungu awabariki.