Allan Cormack na Picha za Ubongo

Mtu akianguka kutoka kwenye baiskeli katika barabara ya Lamadi na kugonga kichwa, huenda akainuka, akajikung'uta vumbi na kwenda zake. Baada ya siku kadhaa mkono wake waweza kuanza kutetemeka kila anaponyosha kushika kikombe. Daktari akikitazama kichwa haoni jeraha. Fuvu halifunuliwi kama kifuniko cha chungu, na picha ya kawaida ya eksirei huonyesha mfupa, si ubongo uliomo ndani. Mmoja wa watu walioipunguza shida hiyo alizaliwa katika bara letu.

Allan Cormack alizaliwa mwaka 1924 mjini Johannesburg, Afrika ya Kusini. Alisoma fizikia katika Chuo Kikuu cha Cape Town, kisha akafundisha hapo. Mwaka 1956 hospitali ya Groote Schuur ilikosa mtaalamu wa kusimamia mionzi, naye akaishika kazi hiyo kwa miezi sita, siku moja na nusu kila juma. Huko aliona jambo lililomsumbua. Wagonjwa walipotibiwa kwa mionzi, hesabu zilifanywa kana kwamba mwili wote ni wa namna moja, ilhali mfupa huizuia mionzi kuliko nyama. Akawaza kwamba mionzi ikipitishwa kutoka pande nyingi, na ile inayotokeza upande wa pili ikapimwa kila mara, hesabu zitaeleza kilichomo ndani.

Mwaka 1957 alijaribu kwa kipande cha mviringo cha alumini kilichozungushiwa mbao. Hesabu zikaonyesha kasoro ndogo katikati ya alumini. Alipochunguza, kumbe mafundi walikuwa wamechomeka pale kijiti cha alumini ya aina nyingine! Kitu ambacho hakukitarajia kilikuwa kimefichuliwa na hesabu.

Baadaye alihamia Marekani, akaandika matokeo yake mwaka 1963 na 1964. Karibu watu wote walinyamaza. Miongoni mwa wachache waliouliza habari walikuwamo watafiti wa maporomoko ya theluji huko Uswisi. Kule Uingereza, Godfrey Hounsfield, asiyejua kazi ya Cormack, aliunda mashine yake mwenyewe, na tarehe 1 Oktoba, 1971 ubongo wa mgonjwa wa kwanza ulipigwa picha mjini London. Mwaka 1979 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel. Cormack alifariki mwaka 1998.

Siku hizi mgonjwa wa Lamadi aweza kupelekwa hospitali ya Bugando, Mwanza, alazwe katika mashine ya aina hiyo. Ikiwa damu imevuja na kuubana ubongo, picha huonyesha mahali ilipo, na madaktari waweza kuitoa. Lakini pigo likiwa dogo, mara nyingi picha hutoka safi ingawa mkono ungali ukitetemeka. Hapo hutafutwa mashine nyingine itumiayo sumaku kubwa, ambayo huona vizuri zaidi ubongo wa nyuma na sehemu za ndani zinazoongoza mwendo wa viungo. Wakati mwingine nayo haioni kitu, na daktari hurudi kuutazama mkono wenyewe ukikifuata kikombe.