James Ussher: Msomi Aliyeipangia Biblia Miaka

Aghalabu wasomaji wa Biblia hudhani kwamba vitabu vyake vimepangwa kulingana na mfuatano wa wakati. La hasha. Amosi huja baada ya Danieli, ilhali alihubiri zaidi ya karne moja kabla ya uhamisho wa Babeli, ambamo kisa cha Danieli kimewekwa. Miongoni mwa waliojaribu kuyapanga matukio hayo mwaka baada ya mwaka, hapana aliyesifiwa na kukejeliwa kama James Ussher.

Ussher alizaliwa Dublin, Ayalandi, mwaka 1581. Inasimuliwa kuwa alifunzwa kusoma na shangazi zake wawili vipofu, waliokuwa wamehifadhi sehemu kubwa ya Biblia vichwani. Mnamo 1594 alikuwa miongoni mwa wanafunzi wa mwanzo wa Chuo cha Trinity, Dublin, na mwaka 1607 akawa profesa wa theolojia hapo. Mwaka 1625 aliteuliwa kuwa Askofu Mkuu wa Armagh, cheo cha juu kabisa katika Kanisa la Ayalandi.

Cheo hakikumwepusha na misukosuko. Mwaka 1640 alikwenda Uingereza, na uasi uliozuka Ayalandi mwaka uliofuata ukampotezea mali. Asirejee tena kwao. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipopamba moto huko Uingereza, alishikamana na Mfalme Charles wa Kwanza, aliyekatwa kichwa mwaka 1649. Ni katika dhiki hiyo, macho yake yakiwa yamefifia, alipoikamilisha kazi yake kuu. Juzuu ya kwanza ilichapishwa kwa Kilatini mwaka 1650, na ya pili mwaka 1654.

Kazi yenyewe haikuwa kujumlisha tu umri wa mababu wanaotajwa katika Mwanzo. Nakala za Kiebrania, za Kiyunani na za Wasamaria hutofautiana kuhusu umri huo, naye alichagua za Kiebrania. Fauka ya hayo, miaka ya wafalme wa Yuda na Israeli huhesabiwa kwa kulinganishwa, mmoja akitawazwa katika mwaka fulani wa mwenzake. Tena masimulizi ya Agano la Kale hukoma kabla ya kumfikia Kristo. Ilimlazimu basi kutafuta kiungo nje ya Biblia. Alikipata katika kifo cha Nebukadneza, mfalme wa Babeli, alichokiweka katika mwaka 562 K.K. Kitabu cha Pili cha Wafalme hueleza kuwa mrithi wa Nebukadneza alipoanza kutawala, Yehoyakini alikuwa katika mwaka wa 37 wa uhamisho wake. Kutoka hapo Ussher alihesabu kurudi nyuma: kutoka Misri mwaka 1491 K.K., na uumbaji mwaka 4004 K.K.

Ussher alifariki huko Reigate, Uingereza, mwaka 1656. Oliver Cromwell, ingawa alikuwa hasimu wa mfalme ambaye Ussher alimtumikia, aliamuru azikwe kwa heshima katika Kanisa la Westminster Abbey. Maktaba yake kubwa hatimaye ilifikishwa Chuo cha Trinity. Kuanzia 1701, miaka iliyotokana na hesabu zake ilichapishwa pambizoni mwa Biblia ya Kiingereza, hata wasomaji wengi wakaidhania kuwa sehemu ya Maandiko.

Hapo ndipo sifa ilipogeuka kejeli. Sayansi imebainisha kuwa dunia ina umri wa miaka ipatayo bilioni 4.5, na mwaka 4004 umebaki mfano wa ujinga wa kale. Hukumu hiyo haimtendei haki. Johannes Kepler na Isaac Newton, vigogo wa sayansi, nao walishughulikia hesabu za namna hiyo. Isitoshe, mwaka 562 K.K. ungali unakubaliwa na wanahistoria kuwa ndio aliofariki Nebukadneza. Tarakimu iliyompa umaarufu imeanguka. Ile aliyoithibitisha kwa kulinganisha ushahidi wa mataifa mbalimbali ingali imesimama. Anayetaka kuisoma Biblia kwa mfuatano wa wakati hana budi kuanzia alipoanzia Ussher: kuuliza ni tukio gani lililotangulia, na ni nani mwingine aliyelishuhudia.