Louis Pasteur na Mkono Uliopooza

Jina la Louis Pasteur tumelisikia sote katika masomo ya sayansi. Yeye ndiye aliyeonyesha wazi kwamba maziwa na divai huharibiwa na vijidudu visivyoonekana kwa macho. Lakini si wengi wajuao kwamba kazi zake kubwa kuliko zote alizifanya baada ya kupata jeraha la ubongo. Habari hiyo ina mafunzo kwa kila mgonjwa, na kwa kila mwenye kumwuguza.

Pasteur alizaliwa tarehe 27 Desemba 1822 katika mji wa Dole, nchini Ufaransa. Baba yake alikuwa mtengenezaji wa ngozi. Kijana huyo alikua akiwa mtu wa bidii, asiyejua kupumzika. Mwaka 1865 alitumwa kusini mwa nchi kuchunguza ugonjwa uliokuwa ukiwaua viwavi wa hariri na kuwafilisi wafugaji. Mwaka huo huo baba yake alifariki, na binti yake mmoja pia. Mwaka uliofuata akafiwa na binti mwingine. Pamoja na misiba hiyo, hakuacha kazi.

Tarehe 19 Oktoba 1868, akiwa na umri wa miaka 45, aliamka akahisi ganzi upande wa kushoto. Hata hivyo alikwenda mkutanoni kusoma taarifa mbele ya wataalamu wenzake. Usiku ule kiharusi kilimshika. Mkono na mguu wa kushoto ukapooza, na ulimi ukawa mzito. Watu walidhani atakufa, hata mafundi waliokuwa wakimjengea maabara mpya mjini Paris wakasimamishwa. Pasteur alipojua, alihuzunika sana. Habari zikamfikia Mfalme Napoleon wa Tatu, naye akaamuru ujenzi uendelee.

Basi, alirudije kazini? Hakurudi kwa siku moja. Akili yake ilikuwa timamu, ila mwili haukumtii. Baada ya wiki moja hivi, akiwa bado kitandani, alitunga taarifa fupi juu ya viwavi, na msaidizi wake Gernez akaiandika. Mnamo Januari 1869 alisafiri kwenda kusini, na huko wasaidizi wake ndio waliotazama hadubini, naye akiwaelekeza. Majira ya baridi yaliyofuata alikaa Villa Vicentina, karibu na Trieste. Hapo alimsomea mkewe, Marie, maneno ya kitabu chake juu ya ugonjwa wa viwavi, mke akiandika. Kitabu hicho kilitoka mwaka 1870.

Hapa yafaa tuangalie jambo moja. Pasteur aligawanya kazi yake. Iliyohitaji kichwa aliifanya mwenyewe. Iliyohitaji mikono miwili aliwaachia wengine, wala hakuona aibu. Mkono wake wa kushoto haukupona kabisa, na alichechemea mpaka mwisho wa maisha yake. Hakungoja apone ndipo aanze. Wala hakuweza kufanya kama zamani. Alikwenda kwa kadiri ya nguvu alizobakiwa nazo.

Matunda yake twayajua. Mwaka 1881 alionyesha chanjo ya kimeta kwa kondoo mbele ya watu wengi. Mwezi Julai 1885 mtoto wa miaka 9, Joseph Meister, aliyeumwa na mbwa mwenye kichaa, aliletwa kwake. Mtoto alichomwa sindano 13 katika siku 10, akapona. Hata sindano hizo zilichomwa na mwingine, Daktari Grancher, maana Pasteur hakuwa tabibu. Leo hapa kwetu mtu akiumwa na mbwa mwenye kichaa huoshwa jeraha kwa maji mengi na sabuni, kisha hukimbizwa hospitali apate chanjo iliyotokana na kazi ile.

Pasteur alifariki tarehe 28 Septemba 1895, karibu miaka 27 baada ya kiharusi kile cha kwanza.

Si kila alilofanya ni la kuigwa. Leo mtu akihisi ganzi ya ghafula upande mmoja, au mdomo ukipinda, au ulimi ukiwa mzito, asiende mkutanoni. Apelekwe hospitali mara moja. Na mwanafunzi aliyeumia kichwa, kwa kuanguka mtini au kugongana mpirani, asirudi uwanjani siku ile, bali apimwe na daktari. Madaktari hushauri apumzike siku moja au mbili, kisha aanze kidogo kidogo: leo asome nusu saa, kesho aongeze. Kichwa kikianza kuuma, au macho yakichoka, apunguze. Mpira uje mwisho, kwa ruhusa ya daktari.

Walimu na wazazi, tusimwite mvivu mtoto wa namna hiyo. Jeraha la mguu huonekana, la ubongo halionekani. Anayesinzia darasani wiki ya pili baada ya kuumia huenda anatumia nguvu zake zote kufika tu. Nawe mgonjwa, usiwapime wenzako wanaokimbia. Pima ulivyokuwa juma lililopita. Haba na haba hujaza kibaba.