Louis Leakey na Mfupa wa Paja

Louis Seymour Bazett Leakey alizaliwa tarehe 7 Agosti 1903 katika kituo cha misheni cha Kabete, kaskazini mwa mahali ulipo leo mtaa wa Kawangware. Enzi hizo nchi yote ya Kabete na Dagoretti ilikuwa miteremko ya mashamba ya Wagikuyu, nao mji wa Nairobi haukuwa umetimiza miaka 5. Mtoto alizaliwa kabla ya kutimiza miezi yake. Inasimuliwa kwamba wazee waliokuja kumtazama walimtemea mate ya baraka kwa mujibu wa mila, hata mama yake akawa hana budi kumwosha mara kwa mara.

Alikua akizungumza Kigikuyu, akaingia jandoni pamoja na hirimu yake, akaitwa Wakaruigi, yaani mwana wa kipanga. Alipojiunga na Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka 1922 alidai Kigikuyu kikubaliwe kuwa mojawapo ya lugha zake za mtihani. Kikakubaliwa, jambo linalostahili kukumbukwa na kila asomaye lugha ya Kiafrika chuoni. Mwaka 1923 aliumia kichwa katika mchezo wa raga, na madaktari wakamtaka apumzike. Mapumziko yenyewe yakawa safari ya mwaka 1924 kwenda Tendaguru, karibu na Lindi, kuchimbua mifupa ya dainosari. Huko alijifunza kazi ya maisha yake. Jeraha la kichwa, kwa upande wake, lilimwachia kifafa kilichomwandama miaka mingi.

Leakey aliamini kwamba asili ya binadamu ni Afrika, katika wakati ambapo wataalamu wengi walielekeza macho Asia. Imani hiyo ilimponza mapema. Mwaka 1932, huko Kanam na Kanjera karibu na Mlima Homa, kikosi chake kilipata kipande cha utaya na vipande vya mafuvu, naye akatangaza kwamba binadamu wa kisasa alikuwapo tangu zama za kale mno. Mwanajiolojia Percy Boswell alipofika kuhakiki, Leakey alishindwa kumwonyesha mahali hasa mifupa ilipotoka. Lawama za Boswell zilichapishwa katika jarida la Nature mwaka 1935, na sifa ya kijana yule ikaporomoka. Lililo chungu zaidi ni kwamba uchunguzi wa baadaye haukumtetea: mifupa ile si ya kale kama alivyodai.

Lugha yake nayo ilimtia katika doa jingine. Katika kesi ya Kapenguria, iliyoanza mwishoni mwa mwaka 1952, Leakey alikuwa mkalimani wa mahakama iliyomhukumu Jomo Kenyatta. Mawakili wa washtakiwa walimpinga kwa kuwa alikuwa ameegemea upande mmoja, naye akajiondoa. Ni vigumu kuona jinsi mtu aliyepewa jina na Wagikuyu angeweza kuketi pale bila kuwaumiza waliompa.

Turejee kwenye mifupa. Hakuna mfupa mrefu wala wenye nguvu mwilini kuushinda wa paja. Kichwa chake cha mviringo hukaa katika tundu la nyonga; chini yake ipo shingo; kisha mfupa hushuka ukielekea ndani, hata magoti yakakaribiana chini ya uzito wa mwili. Paja la sokwe halina mwelekeo huo, na ndiyo maana asimamapo kwa miguu miwili huyumba. Mwanaanatomia akipewa mfupa huo mmoja huweza kukisia kimo cha mwenyewe na namna alivyotembea. Fuvu halisemi hayo kwa uwazi kama huo.

Olduvai ilimpa Leakey karibu kila kitu isipokuwa mfupa huo. Tarehe 17 Julai 1959 mkewe, Mary, aliliona fuvu lililoitwa Zinjanthropus. Mwaka 1960 ukapatikana mguu wa chini pamoja na mifupa ya muundi, utaya na mkono. Kutokana na mabaki hayo na mengine, mwaka 1964 Leakey, pamoja na wanaanatomia Phillip Tobias na John Napier, alitangaza spishi mpya, Homo habilis. Wapinzani walikuwa wengi. Mguu ulionyesha kiumbe aliyesimama, lakini kimo chake na uwiano wa viungo vyake vilibaki kukisiwa. Mwaka 1970 nyonga na paja zilipatikana Olduvai, lakini wataalamu waliziweka upande wa Homo erectus. Paja la habilis lilipatikana kwa vipande tu mwaka 1986, likiwa sehemu ya mifupa iliyopewa namba OH 62. Mwenyewe alikuwa mfupi wa kadiri ya mita 1, mwenye mikono mirefu, asiyefanana sana na mtu ambaye Leakey alimfikiria.

Wakati huohuo paja lake mwenyewe lilikuwa linamsaliti. Kwa miaka alichechemea kwa maumivu ya nyonga, akitegemea fimbo, mpaka mwaka 1968 alipofanyiwa upasuaji London na kuwekewa kiungo cha bandia. Mwaka 1970 alipatwa na mshtuko wa moyo. Madaktari walimtaka atulie. Yeye akaendelea kuzunguka Marekani akitoa mihadhara ya kuchangisha fedha, zikiwamo za utafiti wa sokwe wa Jane Goodall kule Gombe.

Mwishoni mwa Septemba 1972 mwanawe, Richard, alimwonyesha jijini Nairobi fuvu jipya kutoka mashariki mwa Ziwa Turkana, lililoorodheshwa kwa namba 1470. Siku chache baadaye, tarehe 1 Oktoba 1972, Leakey alifariki London kwa maradhi ya moyo, akazikwa Limuru. Msimu uleule wa uchimbaji ulikuwa umetoa pia mifupa ya mapaja, namba 1472 na 1481, iliyowashangaza wanaanatomia kwa kukaribiana kwake na paja la mtu wa leo. Umri wake, uliokadiriwa mwanzoni kuzidi miaka milioni 2.5, ulirekebishwa baadaye kuwa karibu milioni 1.9, na wataalamu wangali wanabishana kama mwenye mapaja hayo alikuwa habilis au erectus. Mifupa yenyewe imehifadhiwa katika makumbusho ya Nairobi, ambayo Leakey aliwahi kuyasimamia tangu mwaka 1945 hadi 1961.