Papwa Sewgolum: alishika fimbo kinyume, akashinda Ulaya, kisha serikali ya kwao ikamfungia njia

Katika historia ya gofu ya Afrika, ni wachezaji wachache walioshangaza watu kama Sewsunker Sewgolum, ambaye wote walimuita Papwa. Alishinda mashindano ya wazi ya Uholanzi mara 3, mwaka wa 1959, 1960 na 1964. Alimshinda Gary Player, mchezaji mkubwa wa Afrika ya Kusini, katika mashindano ya Natal. Yote hayo aliyafanya akishika fimbo kwa namna ambayo kila mwalimu wa gofu anamkataza mtoto siku ya kwanza ya mafunzo: mkono wa kuume juu, mkono wa kushoto chini.

Alizaliwa tarehe 12 mwezi wa kumi na mbili 1928 huko Durban, mji wa bandari katika eneo la Natal, upande wa bahari ya Hindi. Jamaa yake ilikuwa ya asili ya Kihindi. Tangu mwaka wa 1860, Waingereza walileta Wahindi wengi Natal kwa mkataba, wafanye kazi katika mashamba ya miwa. Wazao wao wengi walibaki katika umaskini, na sheria za ubaguzi wa rangi zikawafungia milango mingi: mahali pa kukaa, masomo, kazi, na hata michezo.

Papwa hakupata masomo. Hakujua kusoma wala kuandika. Alipokuwa mtoto alitafuta feza katika kiwanja cha gofu cha Beachwood, akiwabebea wachezaji wa Kizungu mifuko ya fimbo. Kiwanja hicho kilikuwa cha Wazungu. Mtoto wa Kihindi aliweza kuingia humo kama mtumishi tu. Papwa alitazama namna wakubwa wanavyopiga, akarudi kwao, akakata tawi la mti, akalichonga kuwa fimbo, akajifundisha mwenyewe.

Mikono iliyobadilishana nafasi

Kwa asiyejua mchezo huu: gofu ni kupiga mpira mdogo kwa fimbo mpaka uingie katika shimo lililo mbali, mara nyingi mita mia tatu au zaidi. Kiwanja kamili kina mashimo 18. Anayemaliza kwa mapigo machache ndiye mshindi.

Mtu anayetumia mkono wa kuume hufundishwa kuweka mkono wa kushoto juu, karibu na mwisho wa fimbo, na mkono wa kuume chini yake. Ushikaji unaofundishwa zaidi unabeba jina la Harry Vardon, aliyeshinda mashindano ya wazi ya Uingereza mara 6 kati ya mwaka wa 1896 na 1914. Katika ushikaji huo, kidole kidogo cha mkono wa kuume kinalala juu ya kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, na mikono miwili inafanya kazi kama mmoja.

Papwa alibadilisha nafasi za mikono. Walimu wanaukataa ushikaji wa namna hiyo kwa sababu inayoeleweka. Mikono ikipishana, mkono mmoja unauzuia mwingine wakati mwili unapozunguka baada ya kupiga. Fimbo haipati mzunguko mpana, na mpira unaweza kukosa nguvu ya kwenda mbali. Anayetazama kwa mara ya kwanza anadhani mchezaji atajivunja mikono.

Lakini ushikaji huo una faida yake pia. Mkono wa kushoto ukiwa chini, kifundo chake hakikunjiki ovyo, na uso wa fimbo unabaki umeelekea pale mpira unapotakiwa kwenda. Ndiyo maana leo wachezaji wengi wakubwa, kama Mmarekani Jordan Spieth, wanaweka mkono wa kushoto chini wanaposukuma mpira polepole karibu na shimo. Tofauti ni kwamba Papwa alishika hivyo kwa kila pigo, tangu lile la kwanza la mbali mpaka la mwisho.

Kubadilisha au kubaki

Kila mchezaji mwenye mtindo wa ajabu anafika siku moja mahali njia inapogawanyika. Akibaki na mtindo wake, watu watamcheka, na kila pigo baya litahesabiwa kuwa kosa la mikono yake. Akikubali kufundishwa upya, anajua atacheza vibaya kwa miezi mingi, labda zaidi, mpaka mwili usahau ya zamani na kushika mapya. Na hakuna anayeweza kumhakikishia kwamba ya mapya yatakuwa bora.

Tajiri anaweza kulipa gharama hiyo. Ana mwalimu, ana kiwanja, ana wakati, na akishindwa mwaka mzima bado atakula. Papwa hakuwa na hata kimoja cha hivyo. Alikuwa mfanyakazi wa kupanga machupa katika kiwanda, na viwanja vizuri vya mji wake vilikuwa vya Wazungu. Kwa mtu wa hali hiyo, mwaka mmoja wa kushindwa ungeweza kuwa mwisho wa mchezo.

Na pia, ushikaji wake ulikuwa unaleta matokeo. Tangu akiwa kijana alishinda mashindano ya watu wasio Wazungu katika Natal, kisha katika inchi nzima. Kitabu cha sheria za gofu kinakataza mambo mengi, lakini hakisemi ni mkono gani ukae juu. Kinahesabu mapigo, na mapigo ya Papwa yalikuwa machache. Kwa hiyo hakubadilisha. Aliishika fimbo kwa namna ile ile maisha yake yote, na baadaye watu wakaanza kuuita ushikaji huo kwa jina lake.

Hilo halimaanishi kwamba kijana anayeanza leo aige mikono ya Papwa. Namna ile ilimfaa yeye kwa sababu alikua nayo tangu utoto, na mwili wake ulijipanga juu yake kwa maelfu ya mapigo. Mtu mzima akiichukua kwa sababu tu bingwa mmoja aliitumia, atakuwa anafanya lile lile ambalo Papwa alilikwepa: kuacha kile mwili wake unachojua na kufuata mikono ya mwingine.

Safari ya Ulaya

Kiwanda alichofanyia kazi kilikuwa cha Graham Wulff, mtaalamu wa kemia aliyetengeneza mafuta ya ngozi ya Oil of Olay huko Durban. Wulff alipenda gofu, akaona kipaji cha mfanyakazi wake. Mwaka wa 1959 alimsaidia kwenda Ulaya, kwani katika Afrika ya Kusini mtu asiye Mzungu hakuruhusiwa kushindana na Wazungu bila kibali cha serikali.

Katika Uholanzi, mtu huyo asiyejua kusoma alishindana na wachezaji wa kulipwa wa Ulaya, akawashinda wote. Alikuwa na miaka 30. Mwaka uliofuata alirudi, akashinda tena. Huko hakuna aliyemuuliza juu ya rangi ya ngozi yake kabla ya kumpa kombe, na ushikaji wake uliwafanya watu wakusanyike kumtazama.

Kombe chini ya mvua

Kwao mambo yalikuwa tofauti. Baada ya ushindi wake wa Ulaya, ilikuwa vigumu kwa serikali kueleza kwa nini bingwa wa Uholanzi hawezi kucheza katika mji wake mwenyewe. Kibali kikatolewa, na mwaka wa 1963 Papwa akaingia katika mashindano ya wazi ya Natal, kwenye kiwanja cha Durban Country Club, kati ya wachezaji zaidi ya mia moja wa Kizungu.

Alishinda. Lakini sheria ilimruhusu kukanyaga majani ya kiwanja tu. Hakuwa na ruhusa ya kuingia katika nyumba ya klabu kula wala kubadilisha nguo pamoja na wengine. Wakati wa kutoa zawadi mvua ilikuwa inanyesha. Wazungu walikuwa ndani, pakavu. Mshindi alipokea kombe lake nje, akiloa.

Picha ya tukio hilo ilienda katika magazeti ya ulimwengu. Watu waliopigania kuiondoa Afrika ya Kusini katika michezo ya kimataifa walipata ushahidi ambao kila mtu aliweza kuuelewa bila maelezo marefu. Mwaka wa 1964 inchi hiyo haikushiriki Michezo ya Olimpiki ya Tokyo, na kutengwa kwake katika michezo kukaongezeka miaka iliyofuata.

Mwaka huo wa 1964 Papwa alishinda Uholanzi kwa mara ya tatu. Mwaka wa 1965 akarudi katika mashindano ya Natal na kumshinda Gary Player. Ushindi huo haukuwa mdogo: mwaka huo huo Player alishinda mashindano ya wazi ya Marekani, akawa mtu wa tatu katika historia kuyashinda yote manne makubwa ya gofu ya kulipwa. Mtu wa namna hiyo alishindwa na mwana wa Durban aliyejifundisha kwa tawi la mti.

Mlango unafungwa

Kwa serikali ya ubaguzi, ushindi wa pili ulikuwa mzito kuliko wa kwanza. Wa kwanza ungeweza kuitwa bahati. Wa pili, mbele ya Player, ulionyesha kwamba mchezaji asiye Mzungu anaweza kuwa bora kuliko bingwa wao, na hilo liligusa msingi wa utawala wote.

Mwaka wa 1966 Papwa alizuiwa kucheza katika mashindano makubwa ya inchi yake. Hakuruhusiwa hata kuingia kama mtazamaji. Paspoti yake ilichukuliwa, na hivyo njia ya Ulaya, ambako angeweza kupata feza za kulisha jamaa yake, ikafungwa pia. Alikuwa na miaka 37, umri ambao wachezaji wengi wa gofu bado wana nguvu na wana ujuzi wa kutosha kushinda.

Miaka iliyobaki aliishi bila jukwaa na bila kipato cha bingwa. Alikufa kwa ugonjwa wa moyo tarehe 5 mwezi wa saba 1978, akiwa na miaka 49, katika umaskini. Ubaguzi wa rangi ulikuwa bado unatawala, na ungetawala miaka mingine zaidi ya kumi.

Baada ya uchaguzi wa 1994 uliomwingiza Nelson Mandela madarakani, jina lake lilianza kurudishwa. Rais Thabo Mbeki alimpa heshima ya taifa ambayo yeye mwenyewe hakuwepo kuipokea. Huko Durban kiwanja cha gofu cha mji kilipewa jina la Papwa Sewgolum.

Walimu wa gofu bado wanamwambia mtoto aweke mkono wa kushoto juu, na wana haki ya kusema hivyo. Lakini katika maisha ya Papwa, mikono yake haikumzuia kushinda. Mahali ambapo watu walihesabu mapigo tu, alishika makombe. Mahali walipohesabu rangi, mapigo yake machache hayakutosha kumfungulia mlango wa nyumba ya klabu.