Dk. Williamson: Mjiolojia aliyeipima ardhi ya Mwadui hadi ikatoa almasi

HAKUNA mkazi wa Maganzo, mji mdogo wilayani Kishapu, mkoani Shinyanga, asiyelijua jina la Williamson. Ndilo jina la mgodi jirani wa Mwadui, na kabla ya hapo lilikuwa la mtu aliyekataa kuamini au kukanusha jambo kabla ya kulipima.

John Thoburn Williamson alizaliwa mwaka 1907 katika jimbo la Quebec, Canada. Alisomea jiolojia katika Chuo Kikuu cha McGill hadi akapata shahada ya udaktari, kisha akaja Afrika katika miaka ya 1930.

Huku Tanganyika alifanya kazi kwenye machimbo ya almasi ya Mabuki, kusini mwa Mwanza. Kampuni iliyomwajiri ilipojitoa, yeye alibaki, akiamini kuwa chimbuko kubwa zaidi bado limejificha ardhini.

Hata hivyo, imani pekee haikutosha. Almasi hupandishwa juu na miamba ya kimbalaiti kutoka kina kirefu cha ardhi, lakini miamba mingi ya aina hiyo haina almasi yoyote. Mtafiti hulazimika kuchimba mashimo, kuosha changarawe na kuichekecha, akitafuta kwanza madini mazito yanayoandamana na kimbalaiti. Hata akiyapata, hajathibitisha lolote mpaka almasi zenyewe zionekane na kuhesabiwa.

Kwa miaka kadhaa Williamson alirudia kazi hiyo eneo baada ya eneo, huku fedha zikimwishia. Mwezi Machi 1940, Mwadui ikampa jibu: mwamba wenye almasi, uliokuja kubainika kuwa na eneo la hekta zipatazo 146, miongoni mwa mikubwa duniani. Wakili wa Mwanza, I. C. Chopra, alimsaidia kuanzisha kampuni na akawa mbia wake.

Mwaka 1947 mgodi huo ulitoa almasi ya waridi yenye uzito wa karati zipatazo 54, ambayo Williamson alimzawadia Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza, aliyefunga ndoa mwaka huo.

Williamson alifariki dunia Mwadui Januari 1958, akiwa na umri wa miaka 50, bila kuoa. Mwaka huohuo mgodi uliuzwa, De Beers na Serikali ya Tanganyika wakagawana nusu kwa nusu.